Kumaliza, Kukamilisha na Kutunukiwa: Dhana Tatu za Michezo ya Video

Mfasiri anayekabidhiwa maelezo ya mchezo wa video hukutana mapema na neno la Kiingereza ambalo kamusi humwelekeza alifasiri kuwa "mafanikio". Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba fasiri hiyo haitoshi. Katika matumizi ya neno hilo zimechanganyika dhana tatu ambazo hazikuzaliwa siku moja: kumaliza mchezo, kuukamilisha, na kutunukiwa alama ya kushuhudia jambo lililotendwa. Wala suala hili si la vijana wachezaji peke yao. Desturi ya kumtunukia mtu alama ndogo kwa kila hatua imekwisha kuingia katika programu za kujifunzia lugha na za mazoezi ya mwili, na mwalimu au mtumishi wa serikali atatakiwa kuifafanua kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Enzi ya pointi

Michezo mingi ya kwanza iliyopata umaarufu haikuwa na mwisho. Katika Space Invaders, uliotolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978, kundi moja la wavamizi likiangamizwa huja jingine, mpaka mchezaji ashindwe. Pac-Man wa kampuni ya Namco, wa mwaka 1980, nao ulikusudiwa kuendelea bila kikomo. Lakini kwa sababu ya hitilafu ya hesabu katika programu yake, nusu ya skrini ya 256 huvurugika na mchezaji hawezi kupita. Ndiyo maana pointi nyingi kabisa zinazoweza kupatikana katika mchezo huo ni 3,333,360. Katika hali hiyo neno "kumaliza" lilikuwa halina kazi. Kilichoshindaniwa ni wingi wa pointi, na sifa ya mshindi ilikuwa ya muda tu: katika Asteroids wa Atari, wa mwaka 1979, aliyefanya vizuri aliandika herufi tatu za jina lake, na mashine ilipozimwa herufi hizo zilifutika.

Kampuni ya Activision ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilileta utaratibu mwingine. Vijitabu vya michezo yake vilimwagiza mchezaji aliyefikisha pointi kadhaa apige picha ya skrini ya televisheni yake na kuituma kwa posta. Naye aliletewa beji ya kitambaa ya kushonea nguoni. Katika Pitfall!, uliobuniwa na David Crane na kutolewa mwaka 1982, pointi 20,000 zilitosha kumpatia mtu beji hiyo. Lakini aliyeokota hazina zote 32 ndani ya dakika 20, bila kupoteza pointi hata moja, alifikisha 114,000. Yafaa tofauti hiyo izingatiwe: beji ilikuwa jambo moja, ukamilifu jambo jingine.

Kuzaliwa kwa mkamilishaji

Michezo ilipoanza kusimulia visa vyenye mwanzo na mwisho, na kuhifadhi kumbukumbu ya yaliyokwisha kufanywa, dhana ya ukamilifu ilipata kipimo. Super Metroid wa Nintendo, wa mwaka 1994, ulimwonyesha mchezaji mwishoni ni asilimia ngapi ya vifaa alivyovikusanya. Donkey Kong Country, wa mwaka huo huo, uliifikisha hesabu yake kwenye asilimia 101. Mfano ulio wazi zaidi ni Super Mario 64 wa mwaka 1996. Mchezo huo una nyota 120, lakini 70 zinatosha kumfikisha mchezaji kwenye pambano la mwisho. Mwenye nyota 70 akishinda pambano hilo amemaliza. Mwenye 120 amekamilisha.

Hapo ndipo tunapoona jinsi mtu anavyogeuka kuwa mkamilishaji. Mchezaji asiyejua alichokiacha huweka mchezo chini akaridhika. Akiambiwa kwamba amefikia asilimia 94, zile sita zilizobaki humkaa moyoni. Naye hurudi kupekua vichochoro ambavyo mwanzoni hakuvijali. Wako waliogundua kwa njia hiyo uzuri ambao wangeukosa. Wako pia wanaoendelea kucheza baada ya furaha kwisha, kwa sababu tu hesabu haijatimia.

Mashine kuwa shahidi

Tarehe 22 Novemba 2005 Microsoft ilianza kuuza Xbox 360 nchini Marekani. Kila mchezo wa mashine hiyo ulikuwa na orodha ya matendo, kila tendo na pointi zake, na jumla ya pointi za michezo yote ikaambatana na jina la mchezaji. Mchezo uliouzwa madukani kwa kawaida ulikuwa na pointi 1,000. Steam ya kampuni ya Valve ikafuata mwaka 2007, na Julai 2008 Sony ikaweka katika PlayStation 3 makombe ya shaba, fedha na dhahabu, pamoja na kombe la platinamu kwa aliyekwisha kuyapata mengine yote ya mchezo husika. Picha ya kutuma kwa posta haikuhitajika tena: mashine yenyewe ilitoa ushahidi.

Matokeo yake ni kwamba alama zilianza kutafutwa kwa ajili ya alama zenyewe. Katika mchezo mmoja wa Xbox 360 unaohusu hadithi ya Avatar: The Last Airbender, pointi zote 1,000 zilipatikana kwa dakika chache kwa kubonyeza kitufe kimoja mfululizo, kisa kikiwa ndiyo kwanza kinaanza. The Stanley Parable wa mwaka 2013 uliifanyia desturi hiyo mzaha kwa kumtunukia mtu ambaye hakuucheza kwa miaka mitano. Machi 2014 Mmarekani Ray Cox alikuwa wa kwanza kufikisha pointi milioni moja za Xbox. Jumla hiyo ni kubwa, lakini peke yake haituambii ni michezo mingapi aliyoikamilisha.

Istilahi zinazofaa

Wachezaji wa bao hawakungoja kamusi. Walichukua maneno ya kila siku kama nyumba, kichwa na mtaji, wakayapa maana mahususi ya mchezo wao. Kwa kufuata mwenendo huo, twapendekeza kumaliza litumike kwa kufika mwisho wa kisa. Kukamilisha, na mtendaji wake mkamilishaji, kwa kutobakiza kitu. Kuhitimu lina mvuto, maana tangu zamani limetumika kwa aliyemaliza kusoma Kurani yote na kutambuliwa hivyo. Lakini mhitimu amekwisha kupata makao yake katika elimu, na si vema kumhamisha.

Alama inayotunukiwa tungeiita nishani. Huenda baadhi wakasema kwamba neno hilo ni la heshima za taifa. Lakini beji huvaliwa hata kwa utambulisho tu, ilhali nishani daima hufuata tendo. Kombe libaki kwa mfumo wa Sony. Anayezitafuta nishani popote zilipo ni msaka nishani, naye asichanganywe na mkamilishaji. Tena mtu hutunukiwa nishani. Kusema "amefungua nishani" ni kufuata Kiingereza neno kwa neno.

Neno mafanikio lihifadhiwe kwa tendo lenyewe. Mwanafunzi akileta nishani 50 kutoka programu ya lugha, mwalimu aweze kuzitaja kwa jina lake, kisha aulize kuhusu mafanikio kama swali linalojitegemea. Wasomaji wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyatoa kabla istilahi hizi hazijazoeleka.