Admeri, Amiri na Nahodha: Maana ya Cheo cha Rawson katika Mashambulizi ya Unguja, 1896

Mashambulizi ya Unguja ya tarehe 27 Agosti 1896 hukumbukwa zaidi kwa ufupi wake, kwani hayakufika saa moja. Insha hii inachunguza cheo cha Harry Rawson, aliyeongoza manowari za Waingereza, na kujenga hoja kwamba tafsiri ya cheo hicho huamua nani anabebeshwa dhamana ya vifo vilivyotokea.

Asili ya neno admeri ni neno la Kiarabu amiri, yaani mwenye kuamuru. Katika Sicily ya karne ya 12, George wa Antiokia, aliyeongoza merikebu za Mfalme Roger II, aliitwa amiri wa maamiri. Kutoka huko neno lilienea Ulaya, likabaki na maana ya bahari. Kiswahili basi kimelipokea mara mbili: amiri kwa njia ya Kiarabu, na admeri kwa njia ya Kiingereza. La kwanza limo katika Katiba ya Tanzania ya 1977, inayomtaja Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu.

Nahodha huamuru chombo kimoja. Admeri huamuru kundi la vyombo, na hupeperusha bendera yake katika meli anayosafiria. Rawson alikuwa katika daraja la chini miongoni mwa maadmeri. Hata hivyo, alipowasili tarehe 26 Agosti ndani ya St George, manahodha wote wa manowari zilizotia nanga mbele ya Mji Mkongwe walikuwa chini yake.

Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku moja kabla, na Khalid bin Barghash ameshika kasri. Basil Cave, aliyekaimu ubalozi wa Uingereza, hakuwa na mamlaka ya kuanzisha vita, hivyo aliomba idhini London kwa simu ya maandishi. Idhini ilipotolewa, Khalid alitakiwa kushusha bendera yake kabla ya saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Hakuishusha. Mizinga iliharibu kasri, ikazamisha meli ya kisultani Glasgow, na takriban watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Hamud bin Muhammed akatawazwa.

Mfano wa Lloyd Mathews unafafanua zaidi. Aliyekuwa luteni tu katika jeshi la majini la Uingereza alipanda kuwa brigedia katika jeshi la Sultani, kisha Waziri wa Kwanza mwaka 1891. Uzito wa cheo, kwa hiyo, hutokana na mamlaka inayokitoa.

Kumwita Rawson nahodha, basi, ni kuyafanya mashambulizi yaonekane uamuzi wa mtu mmoja baharini. Neno admeri linaihifadhi silsila ya amri iliyotoka London, ikapitia ubalozini, ikaishia kwenye mizinga iliyoelekezwa Forodhani.