Ubani: Dawa ya Viungo na Amana ya Mapokezi

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wazee wetu wenye maumivu ya magoti hutuuliza: "Sheikh, ubani huu tunaouziwa kwa jina la dawa ya Mtume, umethibiti?" Swali hili lina pande mbili, nazo zisichanganywe.

Ubani, kwa Kiarabu luban au kundur, ni utomvu wa mti. Huko Dhofar, kusini mwa Oman, gome huchanjwa, ukatoka utomvu mweupe kama maziwa, kisha hukauka ukawa madonge. Sisi Waswahili twaujua zaidi chetezoni. Lakini matabibu wa Kiislamu waliujua pia kuwa ni dawa. Ibn Sina (aliyefariki 428H/1037M) aliutaja katika al-Qanun, na Ibn al-Baytar wa Malaga (aliyefariki 646H/1248M) katika kitabu chake cha dawa na vyakula, chenye vifungu zaidi ya 1,400. Hoja yao ilikuwa uzoefu na maandishi ya waliowatangulia, si wahyi.

Ama Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751H/1350M), katika Zad al-Ma'ad alieleza manufaa ya ubani, lakini ile hadithi ya kufukiza majumba kwa ubani akasema haikusihi kwa Mtume (S.A.W.). Tazameni uadilifu huu: aliikubali dawa, akaikataa riwaya.

Kuhusu viungo, matabibu wa India wametumia tangu zamani utomvu wa mti wa jamii hiyo hiyo, uitwao shallaki. Mwaka 2003 madaktari wa Nagpur waliwajaribu wagonjwa 30 wa magoti. Maumivu yalipungua na mwendo ukaongezeka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yaliona nafuu, ila ni ndogo. Basi ni kutuliza, si kurudisha goti la ujana. Tena mti wa India si ule wa Dhofar, na dawa ya kumeza si moshi wa chetezo.

Kisheria, asili ya tiba ni kuruhusiwa, madhali haina haramu wala madhara. Mgonjwa amshauri daktari, hasa akiwa anameza dawa nyingine. Muuzaji naye auze ubani kwa jina la ubani. Kumzulia Mtume (S.A.W.) neno ili bidhaa itoke ni dhambi kubwa, hata kama bidhaa yenyewe inafaa. Nasi maimamu tukinyamaza, tutaulizwa.

Wallahu a'lam.