Mnenguaji

Mnenguaji (wingi: wanenguaji) ni msanii anayejipatia riziki kwa kucheza jukwaani na bendi ya muziki wa dansi. Jina linatokana na kitenzi nengua, yaani kuchezesha kiuno, ingawa kazi yenyewe inadai mwili mzima, na kichwa kilichotulia. Nchini Tanzania lilivuma sana kupitia bendi za Dar es Salaam, hasa African Stars, maarufu kama Twanga Pepeta. Wengi waliofurika Mango Garden, Kinondoni, walifuata shoo ya wanenguaji akina Aisha Madinda sawa na walivyofuata waimbaji.

Wimbo wa dansi huanza taratibu, na wakati mashairi yanaimbwa wanenguaji huenda wasionekane kabisa. Zamu yao ni kwenye chemko, gitaa la solo linapoanza kuzunguka na repa anapotaja mtindo. Mtazamaji anaona viuno. Masikio ya mnenguaji yako kwa mpiga dramu, kwa sababu pigo lake moja ndilo linalogeuza safu nzima. Akichelewa kidogo tu, meza za nyuma zinamwona.

Wengi hufundwa kazini, kwenye mazoezi ya mchana katika ukumbi mtupu, kanga imekazwa kiunoni, hatua ileile ikirudiwa mpaka mguu uikumbuke wenyewe. Mafunzo ya darasani yako Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho sasa ni TaSUBa. Huko ngoma za jadi hufundishwa pamoja na muziki na maigizo.

Kipato ni mshahara au posho ya onyesho, pamoja na kutuzwa: shabiki anapanda jukwaani na kubandika noti kwenye paji la uso lenye jasho. Tuzo haina mkataba, na goti likiteguka haimfuati mtu nyumbani. Isitoshe, mnenguaji hasikiki kwenye kanda. Wimbo ukipigwa redioni hutajwa mtunzi na mwimbaji, lakini aliyeupa umbo hatajwi. Mwanamke huongezewa jina la uhuni kwa ajili ya vazi na saa zake za kazi, na hiyo ni dhuluma kwa mtu aliyeifanyia kazi yake mazoezi kutwa nzima.

Wapo waliovuka kwenda kwenye maikrofoni. Tshala Muana wa Kongo alianza miaka ya 1970 akimchezea mwimbaji M'Pongo Love. Alipokuja kuwa mwimbaji mashuhuri, ngoma ya mutuashi ya kwao Kasai aliendelea kuicheza mwenyewe, mbele ya bendi yake.