Kwa nini Colt walichelewa kubadili bastola zao?

Bastola ya silinda ya zamani ilijazwa kwa mbele: baruti, kisha risasi, halafu fataki huwekwa nyuma. Baruti ikilowa, umeshika chuma tu. Risasi yenye ganda la shaba iliondoa taabu hiyo, lakini ilitaka silinda iliyotobolewa mpaka nyuma.

Silinda hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1855 Mmarekani Rollin White alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Smith & Wesson wakamlipa senti 25 kwa kila bastola, ila gharama za kuwashtaki waigaji zikabaki juu yake. Kwetu sisi, huo ndio ulikuwa mtego: kesi zilimmaliza.

Colt walijaribu kuikwepa hataza mwaka 1868 kwa risasi ya ganda inayoingizwa kwa mbele. Hawakufua dafu. Hataza ikaisha 1869, na Rais Grant akakataa kutia saini sheria ya kumfungulia White njia ya kuongezewa muda. Ndipo Colt wakachukua bastola za jeshi za mwaka 1860, wakakata nyuma ya silinda, wakaweka bamba na kilango cha kupitishia risasi.