Muhogo wa Amani na Hoja ya Kipi Kihifadhiwe Kwanza

Kila wakutubi wetu wanapojadili maandishi ya kale ya kilimo, hoja moja haikosekani: fedha ni chache, basi tuanze na vitabu vinavyonukuliwa zaidi. Wanaoitetea hutaja Maktaba ya Mann ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambako Wallace Olsen na wenzake walihesabu nukuu, wakawapa wanazuoni orodha waipange kwa uzito, na vitabu vya juu vikatangulia kuhifadhiwa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Karatasi za mbao zilizoenea tangu katikati ya karne ya 19 zina asidi inayozila kwa ndani, nazo hazingoji bajeti ya mtu.

Ila wanaoitaja Cornell huishia katikati ya habari. Mpango wa kitaifa uliotolewa Marekani mwaka 1993 haukutosheka na vitabu vikuu. Kuanzia 1996, majimbo yalianza kuorodhesha na kuhifadhi maandishi yao wenyewe: magazeti ya wakulima, kumbukumbu za vyama vya kilimo, machapisho ya maofisa ugani. Walitambua kuwa kinachonukuliwa sana kina nakala nyingi, na kilichosahaulika huenda kina moja tu.

Kwetu ushahidi wa jambo hili uko Amani, Usambara Mashariki. Kwamba Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo hapo 1902 na Waingereza wakairithi, msomaji anajua. Nataka tukae kwenye muhogo.

Mwaka 1936, H. H. Storey, mtaalamu wa virusi wa Amani, aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Ni ugonjwa wa hila. Shina na majani huweza kuonekana yana afya, mkulima akaja kung'oa akakuta mizizi imeoza kwa ndani, mikavu, ya rangi ya kahawia. Kwa kuwa ulionekana kuwa ugonjwa wa mwambao na ukanda wa Ziwa Nyasa, haukuwashughulisha wengi. Kisha, mwaka 2004, ukaonekana Uganda, kwenye nyanda za juu ambako haukutarajiwa, na watafiti wakalazimika kurudi kwenye kurasa za Storey na za R. F. W. Nichols aliyefanya naye kazi.

Katika kurasa hizo wamo machotara. Watu wa Amani walizalisha muhogo na mti wa mpira, ule ule ambao watu wa pwani huchuma majani yake wakapika kisamvu cha mpira. Mti ule ulikuwa na ustahimilivu ila mizizi yake si chakula. Basi uzao wake ukazalishwa tena na muhogo, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mizizi ikarudi kulika na ustahimilivu ukabaki. Kila mche ulipewa namba. Mbegu za 5318/34 zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950. Miaka ya 1970 watafiti wa Ibadan wakautumia uzao wake, na miongoni mwa matunda ya kazi yao ni TMS 30572, aina iliyosambazwa Uganda miaka ya 1990 wakati batobato kali, ugonjwa mwingine wa muhogo, ilipokuwa ikimaliza mashamba. Namba nyingine, 46106/27, ndiyo asili ya muhogo ambao wakulima wa pwani ya Kenya huuita Kaleso na Tanzania huitwa Namikonga, unaotegemewa leo kwa kustahimili michirizi ya kahawia. Pasipo kumbukumbu za Amani, Namikonga ingehesabiwa kuwa mbegu ya kienyeji isiyo na historia.

Wako wanaosema nyaraka za kikoloni zilihudumia mkonge na kahawa ya walowezi tu. Muhogo haukuwa zao la walowezi. Na wanaotaka tuanze na mradi wa karanga wa kikoloni huko Kongwa wajue kwamba mradi ule una vitabu tele ng'ambo, hauhitaji kuokolewa na sisi.

Baadaye utafiti wa Amani ulihamia Muguga, Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Muguga ikabaki upande mmoja wa mpaka na Amani upande mwingine. Mpango wowote wa nchi moja peke yake utakuwa nusu.

Kwa hiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, Morogoro, na wenzao wa Muguga wakae pamoja, na kigezo cha kwanza kiwe uchache wa nakala. Jarida la Storey limo katika maktaba kubwa za Ulaya na Marekani, linaweza kusubiri. Taarifa za mwaka za vituo vya utafiti, madaftari ya mashamba ya majaribio yenye namba za miche, vipeperushi vya Kiswahili na matoleo ya zamani ya jarida la Ukulima wa Kisasa haviwezi. Na wewe msomaji, kama baba au babu yako alikuwa bwana shamba na ameacha sanduku la makaratasi, usiyachome wala kuyatupa. Yapeleke maktaba, yakaangaliwe na wanaoyajua.