Sakafu ipi inafaa nyumba yenye mtumiaji wa kiti mwendo?

Wengi wetu tukifika duka la vifaa vya ujenzi tunaangalia vitu viwili: rangi na bei. Lakini kama nyumbani kuna mtu anayetumia kiti mwendo, kuna swali linalotakiwa kutangulia: je, ataweza kutoka chumbani hadi jikoni mwenyewe, bila kuita mtu amsukume?

Sehemu kubwa ya jibu iko chini ya magurudumu. Anayejisukuma kwa mikono anategemea mabega yaleyale kusukuma kiti, kuhamia kitandani na kuhamia chooni. Sakafu inayovuta magurudumu inamchosha mapema, na maumivu ya mabega ni tatizo la kawaida kwa waliotumia kiti kwa miaka mingi.

Kanuni ni rahisi: sakafu iwe ngumu, tambarare na isiyoteleza. Sasa tuangalie aina moja moja.

Saruji ya niru

Usiidharau. Ikisawazishwa vizuri haina maungio mengi, magurudumu yanapita kirahisi, na gharama yake ni ndogo kuliko marumaru.

Shida inakuja fundi akiharakisha. Sakafu inapasuka, inabanduka, na vishimo vinaanza kunasa magurudumu ya mbele. Mwambie aimwagie maji kwa siku saba hivi ili ikomae. Pia achana na nta ya kung'arisha, maana inaifanya iteleze.

Marumaru (vigae)

Chagua zisizong'aa. Zile zinazometameta kama kioo zinapendeza sebuleni, lakini zikilowa ni hatari kwa mwenye kiti na kwa anayemsukuma pia.

Za porselini ni ngumu na hazinyonyi maji kama za kauri ya kawaida. Kwenye baadhi ya maboksi utaona herufi R na namba kuanzia 9 hadi 13. Namba ikipanda, marumaru inazuia kuteleza zaidi. Kwa bafuni tafuta R10 au R11.

Maungio yawe membamba, milimita 2 au 3, na yajazwe mpaka yalingane na uso wa marumaru. Hakikisha gundi imeenea chini yote. Kiti cha umeme peke yake kinaweza kufika kilo 100 au zaidi, na uzito huo unapita kwenye magurudumu machache tu. Penye uwazi chini patapasuka.

Terazo

Inadumu na haina maungio mengi. Ikiwa kavu ni nzuri sana kwa magurudumu. Ikilowa inateleza, kwa hiyo ibaki sebuleni na vyumbani.

Kapeti la plastiki

Ni nafuu na halileti mtikisiko. Hilo si jambo dogo, kwa sababu kwa baadhi ya watu walioumia uti wa mgongo mtikisiko huchochea misuli kukaza ghafla.

Ila lazima libandikwe kwa gundi lote. Likitandikwa tu, litajikunja mbele ya gurudumu, na kiti kikigeuka palepale litachanika.

Zulia

Hili ndilo gumu kuliko yote. Zulia nene ni kama kusukuma kiti kwenye mchanga. Viwango vya Marekani vya majengo yanayofikika vinataka nyuzi zisizidi milimita 13 na zulia lifungwe imara chini. Vile vizulia vidogo vya mlangoni na pembeni mwa kitanda, viondoe kabisa.

Vizingiti ndiyo mtego wenyewe

Unaweza kununua marumaru bora mjini, halafu kizingiti kimoja kikaharibu kila kitu. Magurudumu ya mbele ni madogo. Yakigonga ukingo kiti kinasimama ghafla, na aliyekaa anaweza kurushwa mbele.

Viwango hivyohivyo vya Marekani vinatoa kipimo kizuri cha kufuata. Tofauti ya hadi milimita 6 inaweza kubaki wima. Kati ya milimita 6 na 13, ukingo uchongwe uwe na mteremko. Ikizidi hapo, jenga njia ya mteremko: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 hapo barazani, kwa mfano, inataka mteremko wa sentimita 180.

Bafuni

Mafundi wengi hushusha sakafu ya bafu au huweka kizingiti ili maji yasitoke. Kwa kiti mwendo, mwambie fundi aache mlangoni pawe sawa na korido, kisha alaze sakafu kuelekea tundu la maji kwa takribani sentimita 2 kwa kila mita.

Sehemu ya kuogea weka marumaru ndogo zenye uso mkavu. Maungio yake mengi yanasaidia kushika. Hapa mtu anahama kutoka kiti kwenda kwenye kiti cha kuogea, na akiteleza hapo anaumia vibaya.

Kama umepanga

Huwezi kubomoa nyumba ya mtu, sawa. Lakini unaweza kuondoa mazulia, kuziba vishimo kwa saruji, na kumpa fundi seremala kazi ya kutengeneza kipande cha mbao chenye mteremko cha kuweka kwenye kizingiti. Ukihama unaondoka nacho. Ongea na mwenye nyumba kabla ya kugusa chochote.

Kabla hujamlipa fundi

• Weka pima maji sehemu mbalimbali, uone kama sakafu imelala sawa.
• Gonga marumaru kwa sarafu. Mlio wa utupu maana yake gundi haikuenea.
• Mwaga maji kidogo, kisha pitisha mguu taratibu.
• Pitisha kiti chenyewe kila mlango, na ukigeuze palepale. Kwa kawaida kinahitaji nafasi ya kama sentimita 150 kuzunguka.

Na la muhimu kuliko yote: mtumiaji mwenyewe aulizwe mapema, kabla boksi la kwanza halijanunuliwa. Ikiwezekana, nenda naye dukani, mpange vipande vichache chini, avipite na kiti chake. Yeye ndiye anayejua wapi mikono inachoka na gurudumu linanasa wapi, na sakafu hiyo ataishi nayo kila siku.