Gitaa la umeme: Kinacholifanya moja lipendwe kuliko yote

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkemea mtu anayeufanya ubovu wa zana kuwa kisingizio cha uvivu wake. Hata hivyo, kwa mcharazaji wa gitaa la umeme, kuchagua ni sehemu ya kazi yenyewe.

Ni nadra kumpata mpigaji hodari asiye na gitaa moja analolienzi kuliko mengine yote. Atapanda nalo jukwaani kwa miaka 30, rangi ichubuke na vyuma vya shingoni vilike, na bado atakataa katakata kulibadilisha kwa jipya.

Je, siri ya mapenzi hayo ni bei, chapa, mti au mazoea tu? Swali hili si la wanamuziki mashuhuri pekee. Vijana wengi nchini hujifunza ala hii katika bendi za makanisa na shule, na mzazi anayeombwa kununua gitaa hutoa fedha ambazo pengine zingelipa karo. Akikosea, ala hiyo huishia kutundikwa ukutani.

Sauti hutoka wapi?

Gitaa la kawaida lina tumbo lililo wazi ndani, na tumbo hilo ndilo linalokuza mlio wa nyuzi. La umeme aghalabu ni ubao mzito usio na uwazi. Ukilicharaza bila umeme, aliye chumba cha pili hasikii kitu.

Sauti yake huzaliwa katika kinasa. Hicho ni kifaa kidogo kilichowekwa chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetemeka, huitikisa nguvu ya sumaku, na umeme hafifu hutokea ndani ya waya.

Umeme huo hufuata mtetemo wa uzi wenyewe: mara 82 hivi kwa sekunde kwa uzi mnene kabisa, na mara 330 hivi kwa ule mwembamba, iwapo gitaa limetuniwa kwa namna ya kawaida. Amplifaya huukuza umeme huo, kisha spika huugeuza kuwa sauti tena. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa kinasa cha sumaku hakizihisi.

Chanzo cha uvumbuzi huo kilikuwa shida ya kweli. Katika bendi kubwa za Marekani, mlio wa gitaa ulimezwa na tarumbeta na ngoma. Mnamo 1932, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walianza kuuza gitaa la umeme la alumini lililopigwa likiwa limelazwa mapajani. Kwa umbo lake la mviringo na shingo ndefu, lilibandikwa jina la utani la Kikaango.

Miaka minne baadaye, kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la ES-150. Kijana Charlie Christian alilitumia kuthibitisha kwamba gitaa linaweza kuongoza bendi ya jazi sawasawa na saksafoni.

Koo mbili kuu

Magitaa mengi ya umeme yanayouzwa leo, yakiwemo ya bei nafuu, yameiga mojawapo ya koo mbili zilizoanzishwa Marekani katika miaka ya 1950.

Ukoo wa kwanza ni wa Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California. Ajabu ni kwamba Fender hakujua kupiga gitaa. Alilitazama kama fundi: shingo iliyofungwa kwa skrubu ili ikiharibika ibadilishwe upesi, na mwili wa ubao mmoja usio na madoido. Gitaa lake la Telecaster lilipata jina hilo mnamo 1951.

Wanamuziki walimlalamikia kwamba kingo zake ziliwachoma mbavuni. Gitaa la Stratocaster, lililotolewa mnamo 1954, lilikuwa na mwili uliochongwa ufuate kifua cha mpigaji, vinasa vitatu, na mkono wa chuma wa kutetemeshea sauti. Hakuchoka kuwasikiliza watu waliojua kucharaza kuliko yeye, na labda hapo ndipo ulipo ustadi wake mkubwa.

Ukoo wa pili ni wa Gibson, iliyotoa gitaa lenye jina la mwanamuziki Les Paul mnamo 1952. Hilo lina mwili wa mahogani uliofunikwa juu kwa mepo, mti mgumu wa nchi za baridi, na shingo iliyogundishwa kwa gundi. Ni zito begani, nalo sauti yake ni nene.

Mambo matatu yanayotofautisha

La kwanza ni kinasa. Kinasa chenye mzunguko mmoja wa waya, kama vile vya Stratocaster, hutoa sauti angavu inayopenya. Kasoro yake ni kwamba hunasa pia mvumo wa nyaya za umeme zilizo karibu.

Mhandisi Seth Lover wa Gibson aliitafutia kasoro hiyo dawa mnamo 1955. Aliweka mizunguko miwili ubavu kwa ubavu, mmoja ukiwa kinyume cha mwingine. Mvumo unaoingia katika mmoja hufutwa na ule unaoingia katika wa pili, ilhali sauti ya nyuzi husalia na hata kuongezeka unene. Kwa hivyo, mpigaji huchagua kati ya mng'ao na utulivu.

La pili ni urefu wa uzi, kuanzia kizingiti kilicho juu ya shingo hadi kikalio kilicho mwilini. Kwa Stratocaster ni milimita 648, na kwa Les Paul ni kama milimita 628. Tofauti hii ni ndogo machoni lakini kubwa vidoleni. Uzi mrefu zaidi huhitaji kukazwa zaidi ili utoe noti ile ile, kwa hivyo huwa mgumu kuupinda. Mtu mwenye vidole vifupi atahisi nafuu kwenye shingo fupi.

La tatu ni mkono wenyewe: unene wa shingo, uzito wa mwili, na kimo cha nyuzi juu ya freti, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokingama shingoni. Kuhusu mti, mafundi na wanasayansi bado wanabishana ni kwa kiasi gani unaathiri sauti ya gitaa lisilo na uwazi. Lisilo na ubishi ni kwamba mti huamua uzito, na hubainisha iwapo shingo itabaki imenyooka miaka ikipita.

Lucille na moto wa Arkansas

Baada ya vipimo vyote hivyo, bado kuna jambo ambalo rula haiwezi kulipima.

Katika majira ya baridi ya 1949, B.B. King alikuwa akitumbuiza katika ukumbi wa dansi mjini Twist, jimbo la Arkansas. Wanaume wawili walipigana, wakaliangusha pipa la mafuta ya taa lililokuwa likiwaka ili kuupasha ukumbi joto, na jengo likashika moto. King alikimbilia nje, kisha akakumbuka kwamba gitaa lake limebaki ndani. Akarudi motoni kulichukua, na nusura apoteze uhai.

Kesho yake aliambiwa kwamba ugomvi ule ulikuwa juu ya mwanamke aliyeitwa Lucille. Akalipa gitaa jina hilo ili limkumbushe asifanye tena upumbavu wa aina hiyo.

La kuzingatia ni kwamba Lucille halikuwa gitaa moja. Hadi alipofariki mwezi Mei 2015, King alilirithisha jina hilo gitaa baada ya gitaa. Alipendelea yale ya Gibson yenye uwazi ndani, lakini matundu yake yalisababisha mlio wa kukereka sauti ya amplifaya ilipopanda, naye alikuwa akiyaziba kwa vitambaa. Mnamo 1980 Gibson ilianza kutengeneza gitaa lenye jina la Lucille, lisilo na matundu hayo kabisa. Kipenzi chake kilikuwa kimechongwa kutokana na mahitaji yake mwenyewe.

Gitaa la mabaki

Mfano wa pili unatoka Uingereza, nao una uhusiano na pwani yetu. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar mnamo 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mpiga gitaa wa kundi hilo, Brian May, ndiye mwenye ala tunayoizungumzia.

Mnamo 1963, May alikuwa kijana wa miaka 16 asiye na uwezo wa kununua Stratocaster. Yeye na babake, Harold, aliyekuwa mhandisi wa vifaa vya elektroniki, waliamua kujitengenezea gitaa nyumbani. Kazi hiyo iliwachukua takriban miaka miwili.

Shingo waliichonga kutoka kwa ubao wa mahogani wa meko kuukuu, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi za kutetemeshea sauti zilitoka kwenye injini ya pikipiki ya zamani. Mkono wake ulikuwa chuma cha kushikilia mkoba wa baiskeli. Alama nyeupe za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo kutoka kwa sanduku la ushonaji la mamake.

Gitaa hilo, liitwalo Red Special kwa wekundu wake, ndilo linalosikika katika wimbo wa Bohemian Rhapsody wa 1975. May alilipiga kwenye paa la Kasri la Buckingham mnamo Juni 2002, huku akilicharaza kwa sarafu ya chuma ya peni sita kama ilivyo desturi yake. Kwa fedha ambazo zisingetosha hata kununua shingo ya Stratocaster, baba na mwana walipata sauti ambayo mashabiki huitambua kwa noti chache tu.

Hali ilivyokuwa kwetu

Katika Afrika Mashariki, suala la kuwa na gitaa kipenzi lilikuwa na uchungu wake. Katika bendi nyingi za dansi, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, mwenye hoteli au shirika. Mpigaji alipogombana na mkuu wake au alipohamia bendi nyingine, aliondoka mikono mitupu. Wengi waliotutia raha hawakuwahi kuyamiliki magitaa yaliyowapa jina.

Pamoja na hayo, walijenga sauti zinazotambulika papo hapo. Katika benga, ambayo D.O. Misiani na kundi la Shirati Jazz waliieneza kuanzia miaka ya 1960, gitaa la solo hudonoa nyuzi kwa kasi likifuata nyayo za nyatiti, zeze la Waluo lenye nyuzi nane. Mtindo huo unahitaji noti safi zinazoachana, si sauti nene inayofunikana.

Katika rumba ya Kongo, magitaa hugawana kazi: ridhimu hushikilia mwendo, solo huruka juu, na kati yake hupita lile liitwalo mi-solo. Kila moja linapaswa kuwa na sauti yake, la sivyo yatagongana. Kwa hivyo, anayetafuta gitaa ajiulize kwanza atapiga muziki gani na atashika nafasi ipi katika bendi.

Kabla ya kufungua mkoba

Kwanza, keti ulipakate gitaa kwa dakika 20, kisha usimame nalo ukiwa umelivaa begani. Uzito usiohisiwa dukani huumiza katika ibada au tamasha la saa tatu.

Pili, tazama shingo kutoka kichwani kuelekea mwilini, kama seremala anavyotazama ubao. Kupinda kidogo si hoja, kwa kuwa ndani ya shingo nyingi mna ufito wa chuma unaorekebishwa kwa ufunguo maalumu. Kujisokota ni ugonjwa wa kuuepuka.

Tatu, bonyeza kila uzi kwenye kila freti. Noti inayokwaruza huashiria freti iliyolika au iliyonyanyuka. Kisha linganisha uzi ulioachwa wazi na noti ya freti ya 12, ambayo inafaa kuwa ile ile, oktavu moja juu. Zikipishana, kikalio kirekebishwe. Kama hakirekebishiki, liache.

Nne, liunganishe na amplifaya na uzungushe vifundo vyote. Mkwaruzo mdogo huondoka kwa kusafishwa, lakini sauti inayokatika-katika huenda ikadai fundi. Linyamazishe kwa kiganja usikilize mvumo. Kumbuka kwamba gitaa zuri kwenye amplifaya mbovu husikika bovu, kwa hivyo tenga sehemu ya bajeti kwa ajili ya amplifaya.

Tano, anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe. Jimi Hendrix aliligeuza gitaa la mkono wa kulia na kubadilisha mpangilio wa nyuzi, lakini siku hizi magitaa ya mashoto hutengenezwa.

Jina lililoandikwa kichwani lije mwisho. Magitaa ghushi yenye majina makubwa yapo sokoni, na herufi za dhahabu hazinyooshi shingo iliyopinda.

Mchagua jembe, basi, hakosi kuwa mkulima iwapo anaujua udongo wake. King aliliziba gitaa lake kwa vitambaa, May akalichonga lake kutoka kwa meko. Wote wawili walijua wanachokitaka kabla ya kiwanda kujua. Mzazi anayemsindikiza mwanawe dukani amwache kijana alijaribu gitaa lile la bei nafuu lililo pembeni sawasawa na lile linalong'aa dirishani, kisha amtazame ni lipi anashindwa kuliweka chini.